Nikipiga magoti nasinzia. Je, nimemwacha Mungu?

Shikamoo Mama, Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 34, ni mzaliwa wa Kagera, naishi Kigamboni, Dar es Salaam, na watoto wangu watatu. Mume wangu ni dereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Akiondoka hurudi baada ya wiki tatu, mara nyingine mwezi. Mimi ni mama lishe pale soko la samaki la Feri. Asubuhi nauza supu ya samaki na chapati, mchana wali na ugali.

Nimelelewa katika Ulutheri. Bibi mzaa mama alikuwa mlokole wa zile siku za uamsho, na ndiye aliyenifundisha kuomba. Nilipokuwa kidato cha tano na cha sita, shule ya bweni, nilikuwa kiongozi wa maombi wa UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo. Tulikuwa tunaamka saa kumi alfajiri kabla ya kengele, tunakwenda darasa la mwisho kule upande wa migomba, tunaomba mpaka kunapambazuka. Ijumaa tunafunga. Ndani ya miaka miwili nilimaliza Agano Jipya mara tatu, na kuna siku nilikuwa nasoma mstari mmoja machozi yananitoka bila kujua kwa nini. Mama, wakati ule nilijua Mungu yupo kama unavyojua mama yako yupo chumba cha pili. Humwoni, lakini nyumba siyo tupu.

Sasa hivi nyumba ni tupu.

Naamka saa tisa na nusu usiku. Nakanda unga, naacha maelekezo kwa binti yangu mkubwa (ana miaka 12, ndiye anawavalisha wadogo zake), saa kumi na moja niko kivukoni nasubiri pantoni. Nikishuka ng'ambo nakimbilia mnadani kupata samaki kabla bei haijapanda, nawasha mkaa, wateja wa kwanza ni wavuvi waliotoka baharini usiku na hao hawana subira. Nafunga saa kumi jioni. Kuosha masufuria, kuvuka tena, kupika nyumbani, madaftari ya watoto, sare za kesho. Ikifika saa tano usiku napiga magoti kando ya kitanda. Nasema "Baba yetu uliye mbinguni", na ninachokumbuka baada ya hapo ni mtoto ananitikisa, kichwa kiko juu ya godoro na magoti yamekufa ganzi. Hata Baba Yetu sijamaliza. Hii si mara moja, ni karibu kila siku.

Jumapili nakwenda ibada ya kwanza na mahubiri yakianza nasinzia. Jumuiya sijafika tangu mwaka jana kwa sababu inakutana siku ya kazi jioni, na sasa naona aibu kurudi. Biblia yangu ya shule ipo, ina mistari niliyoipigia kalamu nyekundu, nikiifungua naona kama ni ya mtu mwingine aliyekufa.

Nilijiunga na kikundi cha maombi cha mtaani, cha mkesha wa Ijumaa. Anayekiongoza aliniambia madhabahu yangu imebomoka na kuna mlango adui ameingilia. Akasema nitoe sadaka ya shilingi 50,000 ili madhabahu ijengwe upya. Nimetoa 20,000, bado 30,000. Nikamweleza pia kwamba siku hizi nikiinama kuchochea moto napata kizunguzungu, na nikitembea haraka kuwahi pantoni moyo unakwenda mbio mpaka nashika ukuta. Akasema ni dalili za hilohilo.

Mengine ni ya kawaida ya sokoni. Mama wa jiko la jirani hatusalimiani, mwaka wa pili huu, mambo ya wateja. Nilisema maneno juu ya samaki wake, lakini naye ndiye alianza. Hayo yanavumilika.

Ninachouliza ni hiki. Mimi nimemwacha Mungu, au yeye ameniacha? Nirudije pale nilipokuwa? Nimewaza hata kuacha kazi nitafute yenye nafasi ya kuomba, lakini nikiacha watoto watakula nini? Ninamtamani Mungu, Mama. Ninamtamani mpaka inauma. Hilo naomba ulijue hata kama hutanijibu.

Mama lishe, Feri


MAJIBU

Marahaba mwanangu. Amina, na asifiwe.

Naanza na kizunguzungu, utanisamehe. Wiki hii, kabla hujafanya lolote nitakalokuambia kuhusu maombi, nenda zahanati wakupime wingi wa damu, presha na sukari. Mwanamke mwenye watoto watatu, anayepata usingizi wa saa nne na nusu tu kila usiku na kushinda amesimama mbele ya moto, akiona kizunguzungu na moyo kwenda mbio, jambo la kwanza la kuulizia ni damu. Ikiwa imepungua, kuna dawa na kuna chakula cha kuirudisha, na huenda ukashangaa kwamba sehemu ya ule utupu unaousikia moyoni ilikuwa ni mwili ulioishiwa. Anayekuambia kizunguzungu ni adui aliyeingia mlangoni, bila hata kukuuliza mara ya mwisho ulilala lini, hakukusikiliza.

Zile 30,000 usizitoe. Naamani alipopona ukoma alimbembeleza Elisha apokee zawadi, na Elisha akakataa katakata. Aliyekimbilia fedha nyuma yake ni Gehazi, na unakumbuka Gehazi alirudi na nini mwilini. Sadaka toa kanisani kwako, kwa moyo wako, kiasi chako. Kama ni deni ulilowekewa ili Mungu akufungulie, hiyo si sadaka. Wanunulie watoto maharage na mchicha kwa hiyo 30,000, nawe ule pamoja nao.

Sasa tuje kwenye ile shule yako.

Mimi nilifundisha shule ya bweni miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilipokuwa mwalimu wa zamu nililazimika kupita jikoni alfajiri kuona kama uji utawahi. Nikifika saa kumi na nusu nawakuta wapishi wameshaamka zamani, kuni mbichi, moshi mpaka machozi. Nikipita madarasani nawasikia vijana kama wewe, mnaomba kwa sauti, na nilikuwa nafurahi kweli. Lakini nilivyosoma barua yako kitu kimoja kimenishika na sikiachi: wakati ule kuna mtu alikuwa anakupikia. Kuna mtu alipiga kengele, mtu akachota maji, mtu akakoroga uji, na kwa sababu hiyo wewe ulipata saa mbili za kukaa na Biblia yako. Zilikuwa saa za kweli na Mungu alikuwa humo, sitaki kukunyang'anya hata dakika moja. Ila usisahau kwamba saa hizo zilibebwa na mwanamke aliyekuwa ameamka kabla yako.

Leo huyo mwanamke ni wewe.

Basi nikuulize. Yule mpishi wenu, unadhani Mungu alimpita akaenda darasa la mwisho upande wa migomba? Palikuwa na mama mmoja katika jiko la shule yetu, mtu mzima, mwiko wake mrefu kama kasia. Siku moja nilimkuta anamimina maji kwenye sufuria kubwa huku midomo inacheza. Nikamuuliza anahesabu nini. Akasema hahesabu, ndoo ya kwanza ni ya Baba Yetu. Alikuwa anamimina polepole ili sala imalizike kabla ya maji. Ndoo ya pili na ya tatu zilikuwa maji tu. Nilikuwa na diploma ya ualimu na kiti cha mzee wa kanisa, na siku ile nilijiona mwanafunzi.

Kwa hiyo unapouliza urudije pale ulipokuwa, sidhani kama utarudi, na sidhani Mungu anakungoja pale. Wewe unatafuta maombi ya msichana wa bweni ndani ya siku ya mama wa watoto watatu, kila usiku unajipima kwa kipimo hicho na kila usiku unashindwa. Ukikaa hivyo miaka kumi utaamini kweli umeachwa.

Fungua Zaburi ya 42 katika hiyo Biblia yenye kalamu nyekundu. Ni ile ya ayala, mnyama kama swala, anayetamani maji. Wengi tunaiimba kama wimbo wa mtu aliyejaa furaha, lakini isome polepole uone aliyeiandika yuko wapi. Yuko mbali, nchi ya Yordani, chini ya milima ya Hermoni, hawezi kufika hekaluni. Anakumbuka alivyokuwa akienda na mkutano nyumbani mwa Mungu kwa nyimbo, anakumbuka kama wewe unavyokumbuka UKWATA, na machozi ndiyo chakula chake mchana na usiku. Watu wanamuuliza Mungu wako yuko wapi. Na mwisho wa zaburi bado hajarudi. Anaiambia tu nafsi yake imngoje Mungu. Wazee waliokusanya Zaburi hawakusema huyu arudi kwanza ndipo tuuweke wimbo wake. Waliuweka hivyohivyo, na kanisa limeuomba mpaka leo. Barua yako ina kiu ileile. Ulipoiandika ulikuwa unaomba, mwanangu, ila uliipitishia kwangu.

Kuhusu kusinzia. Umejifunza Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya imani, ulipokuwa kipaimara, nami niliifundisha. Luther aliitoa mwaka 1529, na humo aliwawekea watu wa nyumbani sala ya asubuhi na ya jioni. Ni fupi: Imani, Baba Yetu, sala ndogo ya kujikabidhi. Na unakumbuka anamalizaje? Asubuhi, nenda kazini kwako kwa furaha ukiimba. Jioni, lala mara moja kwa moyo mkunjufu. Lala mara moja! Hakusema kesha mpaka kupambazuke. Zaburi ya 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Na Eliya, nabii mkubwa vile, alipochoka chini ya mti wa mretemu akataka kufa, malaika hakumwambia amka tuombe. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili na chakula kilekile, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Soma 1 Wafalme 19 uone.

Kwa hiyo magoti ya saa tano usiku yaache kwa sasa. Hamisha sala ya jioni iwe saa mbili, mara tu baada ya chakula, na watoto wote watatu mezani au mkekani. Kila mmoja aseme jambo moja la siku hiyo mbele za Mungu, hata kama ni kalamu iliyoibwa darasani. Malizeni na Baba Yetu, mkiisema pamoja hutasinzia, na yule wa miaka 12 atakushika ukikosea. Baadaye ukishafua sare, panda kitandani. Ukitaka kusema neno na Mungu sema ukiwa umelala. Na mikesha ya Ijumaa pumzika kwanza mpaka mwili urudi.

Sasa pantoni. Unavuka kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, na safari yenyewe ni dakika chache, lakini ni dakika ambazo hakuna mtu anayekuita. Huwezi kuiharakisha, huwezi kuwasha moto humo, wateja wako ng'ambo. Ningeomba hizo ziwe zako na Mungu. Chukua mstari mmoja tu kwa wiki nzima, uandike kwenye karatasi, uweke mfuko uleule wa aproni unaoweka chenji. Wiki ya kwanza andika mwanzo wa Zaburi ya 63, pale Daudi anaposema atamtafuta Mungu mapema, katika nchi kame na uchovu. Jangwa la Yuda hilo, mtu anakimbizwa, naye anaomba alfajiri kwa sentensi fupi. Pantoni ikiondoka, useme mara moja kwa kunong'ona. Kisha tazama maji. Kama kuna la kumwambia Mungu, mwambie. Kama hakuna, kaa kimya hapo ukijua umekaa mbele zake. Pantoni ikigonga ng'ambo, sema Amina. Simu isitoke kwenye pochi. Najua mahubiri mafupi ya kwenye magrupu yanavutia, lakini dakika hizo chache ukimpa mhubiri utafika Feri umesikia habari za Mungu bila kusema naye neno.

Mstari huohuo utakurudia mchana. Utaukuta mkononi kila unapotoa chenji. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme, kazi yake ilikuwa mezani kama yako, na siku mfalme alipomuuliza haja yake ni nini, Biblia inasema aliomba kwa Mungu wa mbinguni, kisha akajibu. Kati ya swali na jibu la mfalme mtu ana nafasi ya pumzi moja. Aliomba ndani ya hiyo pumzi. Lakini, na hapa nataka uwe makini, sura ya kwanza inaonyesha alikuwa ameomba na kufunga siku kadhaa kabla. Pumzi moja ilikuwa na mizizi. Nawe utahitaji mahali pa kukaa zaidi, hata kama ni mara moja kwa wiki. Mume wako akiwa nyumbani mwambie waziwazi: Jumapili baada ya chakula cha mchana kaa na watoto, nipe nusu saa. Wanaume wengi hawajui kwamba wake zao wana njaa ya namna hii, kwa sababu hatuwaambii. Akiwa safarini, fanya robo saa wadogo wakilala. Soma Injili, kipande kidogo, usijiwekee lengo la kumaliza.

Na anza na Yohana 21, kwa sababu sura hiyo ni ya Feri kabisa.

Wavuvi wamekesha baharini, hawajapata kitu. Kunapambazuka. Kuna mtu pwani, hawamtambui. Wanaambiwa watupe wavu upande wa kuume wa chombo, wavu unajaa, Petro anajitupa majini. Wanapofika nchi kavu wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana aliyefufuka, mwenye mamlaka yote, amewasha mkaa alfajiri na kuwapikia watu waliotoka baharini. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yako. Unaifanya kila siku kwa watu wa aina ileile, saa ileile, kwa moto uleule. Miaka yote hii umekuwa ukidhani jiko ndilo linalokutenga naye.

Angalia tena. Moto wa makaa, katika Kigiriki ni neno moja, na katika Agano Jipya lote linaonekana mara mbili tu, zote kwa Yohana. Mara nyingine ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, Petro anaota moto huo akisema hamjui Yesu. Kwa hiyo ile harufu ya mkaa pale pwani Petro aliijua. Angeweza kuhojiwa palepale, umeniombea usiku ngapi, ulikuwa wapi nilipokuwa nahukumiwa. Hakuhojiwa hivyo. Alilishwa kwanza. Walipokwisha kula ndipo Yesu akamuuliza, na swali lilikuwa moja, mara tatu: wanipenda? Petro akajibu kwamba anampenda. Akaambiwa, "Lisha wana-kondoo wangu." Lisha. Wewe watu wanakuita mama lishe kutwa nzima, neno hilo limo katika jina lako, na labda hujawahi kulisikia kwa sauti yake aliyelisema kwa Petro.

Umeandika, "Ninamtamani Mungu mpaka inauma." Swali la pwani umeshalijibu.

Nimebaki na jambo moja, na ninaliandika kwa upendo ingawa najua halitakufurahisha. Umetumia karibu barua nzima kuniambia huwezi kuomba, kisha ukampitia mama wa jiko la jirani kwa mstari mmoja na nusu na kusema hayo yanavumilika. Mimi nimesimama pale kuliko popote. Mwaka wa pili, hatua chache kutoka moto wako mpaka wake, kila alfajiri mnawasha mkaa bila kusalimiana. Na ulisema maneno juu ya samaki wake. Nadhani ulisema wamelala, maana sokoni hakuna neno lingine linaloua biashara haraka hivyo. Kama ndilo, ulimtolea mtu mkate mdomoni. Sisemi Mungu amekuficha uso kwa ajili ya hilo, mimi si yule kiongozi wa mkesha na sina mamlaka ya kukupimia. Lakini Yesu mwenyewe katika Mathayo 5 alisema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza mpatane. Ukitaka kujua madhabahu yako inajengwaje, hapo pana jibu lisilo na bei.

Bibi yako angekuambia hivyohivyo. Uamsho uliowasha moto Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Bukoba, haukujulikana kwa mikesha tu. Watu walikumbuka zaidi kwamba walokole walirudisha vitu walivyoiba, walikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, wakakaa pamoja na kusema makosa yao mchana kweupe. Wao waliita kutembea nuruni, kutoka waraka wa kwanza wa Yohana. Bila shaka kuna siku ulimwona bibi akifunga kanga na kwenda kwa jirani aliyegombana naye. Kumbuka alivyokwenda.

Nenda mapema, kabla wateja hawajaja. Usichukue zawadi, usimhubirie, usitaje alivyoanza yeye, hata kama ni kweli kabisa kwamba alianza. Msalimie kwa heshima ya umri wake, kama ni shikamoo iwe shikamoo. Mwambie: nilisema hivi juu ya samaki wako, sikusema kweli, nimekukosea, naomba unisamehe. Kisha nyamaza. Anaweza kukugeuzia mgongo. Mkaa wako utawaka hata hivyo, nawe utakuwa umefanya la kwako. Na wale wateja uliowaambia, unawajua kwa majina. Siku wakija kwako kula, waambie uliwadanganya. Hilo litakuwa gumu kuliko kumwambia yeye.

Kuhusu jumuiya, usione aibu. Mpigie mzee wa jumuiya yako, mweleze saa zako zilivyo. Wengine wamewahi kuhamishia siku moja ya mwezi Jumapili alasiri kwa ajili ya watu kama wewe, na hata kama haiwezekani, waombe waje kwako mara moja watoto wakiwepo. Wakija usiwapikie kama sokoni. Chai inatosha, mara hii wewe ukae.

Kwamba machozi ya kidato cha sita yatarudi, siwezi kukuahidi. Mama yangu alipougua nilimuuguza miaka mitatu, na kwa miaka hiyo nilichoweza kusema kila asubuhi nikimgeuza kitandani kilikuwa maneno matatu: Bwana, tupo hapa. Sikusikia chochote. Alipofariki ndipo nikagundua kwamba maneno yale nilikuwa nayasema kwa mtu, si kwa ukuta, na kwamba nilikuwa nimemzoea huyo mtu bila kujua, kama unavyozoea hatua za anayeishi nawe. Hiyo ndiyo habari niliyo nayo, na ninakupa kama ilivyo.

Usiache kazi. Nenda ukapime damu. Na ukishazungumza na yule mama, niandikie tena uniambie alikupokeaje. Nitakuwa nakuombea saa kumi na moja alfajiri, pantoni inapoondoka.